Mkataba wa Amani Kati Yangu na Mhehe

Editha mwanangu,

Anayeandika ni baba yako, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe, hajakodi wa mtu. Kisomo cha watu wazima nilikisoma Songea nikawa wa kwanza, na wale waliosema Gaudensi ana kichwa cha gogo walikaa nyuma yangu wakichungulia. Kwa hiyo ukiona herufi zimelala usiseme baba amezeeka. Sema baba ana haraka. Nimeanza barua hii asubuhi na kila nikiandika mstari nainuka. Nimekwenda kufagia uwanja ambao mama yako ameshaufagia. Nimekwenda kutazama kama simu imejaa chaji, imejaa. Nakaa, kiti kinanichoma kama kimewekwa juani.

Ile sauti uliyoituma kwenye simu nimeisikiliza mpaka naijua pale unapovuta pumzi. Unasema shirika linafunga kazi, magari meupe yanaondoka. Unasema wamekuwekea nafasi kwenye ndege yao, wakupeleke nchi nyingine ukawatafsirie vita nyingine. Unasema hutaki, unataka kubaki hapo hapo na wale akina mama wa soko. Kisha nikasikia upepo, ukasema, "Baba, naomba radhi yako nibaki."

Sikujibu. Ulipopiga kwa simu ya mama yako nikajifanya niko msalani. Nikamwambia mama yako, wewe mjibu. Akanitazama akasema, "Mie sio barua. Kidole unacho, simu unayo." Basi.

Sasa najibu, na najibu hadharani. Nimemwambia mwenye stesheneri aichape hii barua kama ilivyo na aitupie kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, maana Buza imeshakusema vya kutosha. Wapo wanaosema umeolewa huko na mzungu. Wapo wanaosema vita ikiisha Editha atakosa mshahara, ndiyo maana haiishi. Juzi mmoja, simtaji, ana kitambi, akaniuliza mbele ya bucha watu wote wanasikia, "Mzee, hivi hilo shirika la mwanao limewahi kumaliza vita gani?" Nilishika fimbo. Nikaiacha. Nikamwambia, "Nitakujibu kwa maandishi." Haya, na asome.

Wewe unamjua baba yako kwa kusuluhisha. Nimekuwa mjumbe wa shina hapa tangu nyumba zinahesabika, na kama kuna mjumbe Temeke nzima aliyewahi kunizidi, aje nimwone sura. Mke na mume, mpangaji na mwenye nyumba, wa mbuzi na wa mchicha, walikuja barazani kwangu wakiwa wa moto wakatoka wakiwa vuguvugu. Sisemi baridi. Vuguvugu inatosha, mtu arudi kwake akapike. Na wewe ulikuwaga unakaa kizingitini unajifanya unachambua mchele, masikio yote yako kwetu. Siku moja ukaniuliza, "Baba, mbona ukikwama unamwita Mzee Kihwele aje akutukane?"

Nilikujibu, na leo narudia kwa ajili ya watoto wa siku hizi wanaodhani utani ni ucheshi wa kwenye simu. Sie Wangoni na hao Wahehe tulipigana zamani za mababu. Tulipigana kweli, watu wakazikwa pande zote mbili. Halafu wakachoka. Hakuna aliyewaletea turubai wala blanketi. Wakaelewana wenyewe kwamba kuanzia sasa tutatukanana, hatutachinjana. Mngoni atamwambia Mhehe fungeni mbwa, huyu amekuja na njaa. Mhehe atamwambia Mngoni babu yako alikimbia akaacha ngao, mpaka leo mnaitafuta. Atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Mtani anaingia jikoni kwako anafunua chungu. Mtani anaingia katikati ya watu wenye mapanga akiwacheka, na anayemgusa amejitafutia laana.

Ndiyo maana watu wakigoma kuongea nilikuwa natuma aitwe Kihwele kutoka kwenye cherehani yake kule bondeni. Anaingia, shikamoo hatoi, hodi hapigi, anasema, "Mmemletea kesi Mngoni? Huyu hata kuku wake hawamsikii." Wale waliokuja wamevimba mashavu wanajibana, wanajibana, mmoja anashindwa. Akicheka mmoja nusu ya kesi imekwisha. Nusu iliyobaki naimaliza mie, maana ndiye mwenye akili.

Ngoja ninywe maji.

Nimerudi. Unaikumbuka ile vita ya mtaro. Mvua za masika zile, wa juu wakachimba mtaro maji yaende, yakaenda, yakaingia vyumbani kwa wa bondeni. Magodoro yakaelea. Wa bondeni wakapanda na machepeo usiku wakafukia. Wa juu wakashuka na mapanga. Mtu alikatwa mkono, unajua ni nani, sirudii. Mie niko nyumba ya mwisho ya juu, Kihwele yuko ya kwanza ya bondeni, tumepakana, na sie wawili ndio tuliosimama mle mtaroni, maji magotini, tunatukanana kwa sauti watu wote wasikie, mpaka wenye mapanga wakaona aibu kupigana mbele ya wazee wanaochekesha. Lakini hatukumaliza. Hilo nalisema wazi. Tulizima moto, kuni zikabaki. Wa juu hawapiti chini kwenda dukani, wa chini hawaji kigangoni kusali. Manispaa tuliiita, haikuja.

Likaja shirika. Jina naliweka kiporo, watu wenyewe walikuwa wastaarabu. Yule mama mrefu wa kizungu, mpole, anaitikia kwa kichwa hata hujafungua mdomo. Akaitisha semina ya usuluhishi kwenye ukumbi wa kigango, na wewe uliyekuwa ndiyo kwanza umemaliza kidato cha sita ukajitokeza kumtafsiria. Mie nikavaa koti. Nikakaa mbele, mahali pangu.

Kihwele akaingia amechelewa. Akasimama mlangoni akanusa. "Nani ameacha stoo wazi? Nasikia harufu ya Mngoni."

Nikamjibu bila kugeuka, "Fungeni mbwa wenu, mwenye meno amefika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Yule mama akakuinamia akauliza wanasema nini. Na wewe, mwanangu, mgeni wa kazi, mwaminifu kama maji ya bomba, ukamtafsiria neno kwa neno! Nilimwona anabadilika rangi. Akaandika. Akaandika tena. Basi tukainuliwa sie wawili, mmoja akakalishwa kulia, mmoja kushoto, tukaambiwa sisi ndio kiini cha mgogoro wa Buza.

Ukaja umeinama kama mtu aliyevunja sahani ukaniambia, "Baba, anauliza umemchukia huyu ndugu tangu lini?"

Kabla sijajibu Kihwele akadakia, na ule uso wake wa Kihehe usiocheka, "Mwambie tangu kabla sijazaliwa."

Nami nikasema, "Mwambie mie nimerithishwa na babu."

Tulidhani tunamchekesha. Yule mama akatoa machozi, Editha. Machozi ya kweli. Basi nani angemwambia hapana? Tukaletewa karatasi, kwamba sisi fulani na fulani tunaacha kutukanana kwa kabila kuanzia leo, tutaheshimiana. Tukasaini. Tukapigwa picha tumeshikana mikono. Tukapigiwa makofi, tukapewa soda. Na wale waliokatana kwa panga walikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, wanakunywa soda zao. Hakuna aliyewauliza lolote.

Hapo nilijifunza jambo ambalo naliona mpaka leo kwenye taarifa ya habari. Wanaopatanishwa ni wenye sauti. Wakubwa wanakaa hotelini, wanasaini, wanashikana mikono, na mwenye panga yuko nyuma na soda yake.

Lakini nami ni mtu wa haki, sili upande mmoja. Huyo mama ndiye aliyewakalisha wa juu na wa bondeni kwenye ukumbi mmoja, jambo ambalo mie na ujumbe wangu wote nilikuwa nimelishindwa, maana nikiita, wa bondeni wanasema mjumbe ni wa juu. Yeye hakuwa wa juu wala wa bondeni. Na gari lake jeupe lilipoonekana Buza, manispaa ikapata njia ya kuja. Makalavati yakaletwa, mtaro ukajengwa, upo mpaka leo, maji yanapita. Yule wa kitambi wa buchani anavuka juu yake kila siku kwenda kusema hakuna kitu walichofanya.

Sasa kilichofuata unakikumbuka vizuri kuliko mie. Mngoni akisaini amesaini. Mhehe naye kiburi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja. Asubuhi tukikutana, "Habari za asubuhi, jirani." "Nzuri, jirani." Kihwele ana uso wa mtu anayeumwa jino. Mie chakula hakishuki. Na kwa kuwa hatutukanani tena, tukaanza kuonana vizuri. Nikaona kuku wake wanakula mchicha wangu. Yeye akaona tawi la mwarobaini wangu linamwagia majani kwenye bati lake. Nikamtumia ujumbe kwa mtu. Akanijibu kwa mtu. Mama yako akasema, "Nyie wawili mmepatanishwa mpaka mmegombana."

Kisha kaka yake Kihwele akafariki. Unajua kazi ya mtani msibani. Wafiwa wamelemewa, mtani ndiye anayeingia kuharibu huzuni ili watu wapumue. Nilisimama getini kwao sijui niingie kama nani. Nikiingia na utani nimevunja saini yangu. Nikiingia kimya nimemzika mtu kama mpita njia. Wewe ulikuwa kando yangu umebeba sufuria. Ukaniambia polepole, "Ingia, baba."

Nikaingia. Nikachukua kofia ya marehemu nikaivaa, nikatembea mwendo wake ule wa kuburuza mguu mbele ya waombolezaji wote, nikakalia chepeo la kuchimbia kaburi nikasema halichimbwi shimo hapa mpaka nipewe jogoo, na asiwe wa Kihehe, wa Kihehe wana wivu, watajinyonga njiani. Kihwele akanitazama, machozi yanamtoka, mdomo ukaanza kumcheza, akasema, "Mngoni mshenzi. Umechelewa."

Tukalia na kucheka, wote. Na wewe tukiwa njiani kurudi ukaniambia, "Baba, umevunja mkataba wa kimataifa."

Mie ndiye Mngoni pekee aliyevunja mkataba wa kimataifa akapewa jogoo. Waandike hilo.

Yule mama mrefu hakukusahau. Aliporudi akakuita kazini, ukaanza pale mjini, ukapelekwa ng'ambo ya ziwa. Siku unaondoka nilikuwa najivuna mpaka shingo inauma. Nilimwambia kila mtu mwanangu amekwenda kusuluhisha vita, ametoka kwenye kizingiti changu. Nilidhani vita ni mtaro mkubwa tu.

Nimeinuka tena. Nimekaa.

Ulipopiga kunieleza ule mkutano wa mlimani, nilikuomba urudie Kihwele asikie, nikaweka simu kwenye sauti kubwa juu ya cherehani yake. Wafugaji upande mmoja wa turubai, wakulima upande wa pili, watu waliochomeana nyumba. Wamefika hapo kwa magari ya shirika, maana hakuna ambaye angethubutu kupita ile barabara kwa miguu yake. Wamekaa hawatazamani. Mkuu wa mkutano, afisa wa kizungu, anasoma ajenda. Wewe unatafsiri, hakuna anayesikiliza. Mara mzee mmoja wa wafugaji anamtazama mzee wa wakulima anasema, "Wewe bado unanuka viazi? Nilidhani vita imekuogesha." Na yule wa viazi anajibu, "Na wewe bado unaomba ushauri kwa ng'ombe. Ndiyo maana umefika ukiwa umekonda." Mtu mmoja akacheka nyuma. Wa pili akacheka. Ukasema hapo ukatuona mie na Kihwele.

Yule afisa akauliza wanasema nini. Ukamwambia ukweli. Akafunga faili, akasimama, akasema kuna matusi ya kikabila, mkutano umeahirishwa. Askari wa shirika wakaingia katikati kutenganisha watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kukaribiana!

Kihwele aliacha kushona. Alisema, "Ni sisi hao. Ni ile semina."

Lakini wewe si yule mtoto wa maji ya bomba tena. Ukamfuata afisa mpaka kwenye mlango wa gari ukamzuia kwa mkono. Ukamhadithia habari za baba yako na Mhehe wa Buza, ukumbi wa kigango, mkataba, kuku na mchicha, msiba na jogoo. Ukasema alikaa kwenye gari mlango wazi, kisha akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo nikae kimya?" Ukamwambia, "Kaa kimya, na magari yako yasiondoke."

Namheshimu mtu huyo. Nimekaa mbele ya watu maisha yangu yote, najua ilivyo kazi kwa mwenye kiti kunyamaza. Kesho yake waliitwa tena, wakatukanana mpaka mchana, na jioni wakakubaliana siku ya soko, wa huku walete maziwa, wa kule walete viazi, magari meupe yasimame barabarani. Na soko limesimama mpaka leo.

Sasa nimjibu yule wa buchani. Limemaliza vita gani? Sijui. Mie sioni kama vita inamalizwa na mtu aliyekuja kwa ndege. Inamalizwa na wenye vita. Lakini wenye vita hawawezi kukaa chini kama anayewapiga risasi njiani hajazuiwa, kama mtoto analia njaa, kama hakuna mtu asiye wa juu wala wa bondeni wa kuwaita. Hapo shirika lina kazi na linaiweza. Umeniambia mwenyewe yule mama aliyepotezana na mwanawe wakati wa kukimbia, watu wa shirika wakamtafuta huyo mtoto kambi kwa kambi mpaka wakampata. Mie nisingeweza, na ujumbe wangu wote. Hata Kihwele asingeweza, na hapa nasema jambo kubwa.

Ila wana ugonjwa wao. Kule juu kwao, kwenye baraza la mataifa, mkubwa mmoja akisema hapana, wengine wote wamekaa. Mie nilipokuwa naamua kesi sikuwa na wa kunikatalia ila mke wangu, na yeye alikuwa ananikatalia kwa sababu. Na baadhi ya hao hao wanaoleta blanketi ndio wanaouza bunduki, wewe unajua, hata Kihwele anajua na hajasoma. Na mwisho wao huwa mmoja, wanaondoka. Muda umekwisha, fedha zimekwisha, kuna vita mpya mahali pengine inapigwa picha zaidi. Mjumbe haondoki. Akisuluhisha vibaya anakutana nao kesho dukani.

Basi ungedhani nitasema, baki, wewe ndiye mjumbe wao. Hapo ndipo kiti kinaponichoma.

Maana utani nao naujua unapoishia. Utani unanizuia mie nisimkate Kihwele. Haumzuii mtu aliyetumwa na mtu asiyemjua Kihwele. Huyo anayeshuka msituni na bunduki ya kupewa, hana mtani hapo sokoni. Hajui viazi wala ng'ombe, anataka madini yaliyo chini ya miguu yenu. Akina mama watamtukana, hatacheka. Na kule kijiji cha pili, magari meupe yalikoondoka kwanza, ni wewe uliyesema soko limechomwa. Ulisema haraka haraka ukadhani nimepitwa. Sikupitwa. Tangu siku hiyo nikisikia pikipiki imesimama nje nadhani ni mtu analeta habari. Nikisikia simu ya jirani inalia nashika yangu.

Nimenyamaza kwa sababu hiyo. Watu wanasema Mngoni mkaidi. Sawa, mkaidi. Kihwele kila asubuhi alikuwa anapita getini, "Mngoni, bado hujamjibu mtoto? Babu zako walikuwa hodari wa kukimbia, wewe umekuwa hodari wa kukaa kama gunia." Namrushia tusi lake, anakwenda.

Jumapili iliyopita akaja. Hakutukana. Akapiga hodi, akavua kofia, akakaa kwenye ile benchi, akaniita, "Gaudensi."

Nikamuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu."

"Sasa mbona unaniita jina?"

"Nimekuja kusema neno moja, nataka uache kelele ulisikie. Mtoto hakuombi umlinde. Wenye magari ya chuma wameshindwa kulinda watu wote, wewe na fimbo yako utalinda nini? Anakuomba asibebe laana yako mgongoni juu ya mzigo alio nao."

Nikamwambia aondoke kwangu. Akainuka taratibu, magoti yanalia.

"Naondoka. Ila ujue, huyo mtoto akipatwa na lolote bila radhi yako, na wewe ukafa kwa kihoro, mie sitakuja kwako kufanya utani. Nitakuja nitakaa kimya kama jirani."

Akaenda. Mama yako alikuwa dirishani. Tangu hapo Kihwele akipita ananisalimia. "Habari za asubuhi." Editha, hakuna silaha wanayotumia huko kwenu inayoingia mwilini kama hiyo salamu.

Kwa hiyo sikia.

Ruhusa sikupi. Ukiniuliza leo nasema hapana, ukiniuliza kesho nasema hapana. Panda hiyo ndege. Mie ni baba, sikukulea uwe ngao ya soko la watu. Wengine wanaweza kunisema, wana watoto wao wamelala vyumbani. Nyumba ipo, mama yako yupo, na kazi za kutafsiri mjini hapa haziishi. Hilo ndilo neno langu na halibadiliki, Mngoni akisema amesema.

Lakini hukuomba ruhusa. Nimeisikiliza ile sauti tena na tena, nikitafuta ruhusa sijaiona. Umeomba radhi. Na radhi ni kitu kingine. Mtoto anaweza kwenda mahali baba hataki akiwa na radhi yake, na anaweza kulala chumba cha pili akiwa hana.

Radhi nimetoa. Nimeitoa asubuhi hii, ndiyo maana niliamka na kuanza kuandika. Nimechota maji, nimeyamwaga kizingitini, nikataja jina lako na jina la bibi yako aliyenizaa, mama yako akaitikia amina. Ukipanda ndege unayo. Ukibaki unayo. Ukibaki ukakosea, ukaona baba alisema kweli, bado unayo, na uje nyumbani hata kwa miguu, hutasikia neno la nilikwambia. Labda moja. Nitalisema kwa Kihwele, sio kwako.

Na kama unabaki, maana nakujua umetoka kwa nani, basi chukua hili toka kwa mtu aliyekaa na watu. Usitazame bunduki, utachelewa. Tazama midomo. Wale wazee wa maziwa na viazi wakikutukana, wakikuita mtumwa wa wazungu, mgumba wa pwani, sijui nini, cheka, kaa, upo nyumbani. Siku watakapoanza kukusalimia kwa adabu, wakakuita mheshimiwa dada, wakakupisha njia, usisubiri kuuliza. Ondoka siku hiyo hiyo, na akina mama wako wote nyuma yako.

Mkono umechoka. Mwenye stesheneri anafunga mapema, acha nikimbize hii karatasi. Nitapitia bondeni nimsomee Kihwele kwanza, kwa sauti, wateja wake wasikie, nione kama ataendelea na hizo salamu zake.

Usinipigie kunishukuru, sijakukubalia kitu. Nipigie uniambie umeamua nini. Nitafoka, najijua. Wewe usikate simu.

Ni mimi baba yako mzazi,
Mngoni wa Buza